Tani Zilizopotea za Ziwa Nasser

Wavuvi wa Ziwa Nasser, kusini mwa Misri, wakitajwa tu, namba mbili hutajwa nao. Mwaka 1981 bandari za ziwa hilo zilipokea zaidi ya tani 34,000 za samaki. Mwaka 2000 hazikufika hata tani 10,000. Hukumu hutolewa papo hapo: wavuvi wamelimaliza ziwa. Nimezirudia namba hizo mara nyingi, na kila nikizirudia naona zinasema habari za mizani kuliko za maji.

Ziwa lenyewe lilizaliwa na Bwawa Kuu la Aswan, lililoanza kuzuia Mto Nile mwaka 1964. Maji yalisambaa jangwani kwa urefu wa takriban kilomita 500, hadi ndani ya Sudan, ambako huitwa Ziwa Nubia. Wanubi wapatao laki moja wa nchi zote mbili walihamishwa. Inauma kwamba wengi wanaovua leo upande wa Misri ni wageni kutoka Qena na Sohag, waliofuata riziki juu ya makao ya wenzao yaliyozama.

Samaki wa huko hawakai kila mahali. Joto la kiangazi likishika, maji ya chini hukosa oksijeni, na maisha ya sato yanabaki pembezoni, penye magugu, kwenye ndimi za maji zilizoingia katika mabonde makavu. Ulimi mmoja huitwa khor, ndugu wa hori letu la pwani. Huko ndiko wavuvi waendako dago, yaani kambi ya uvuvi ya ugenini, miezi kwa miezi, kwenye ukingo wa mawe usio na mti, na mamba majini. Jioni hupiga makasia, huzungusha wavu kando ya magugu, kisha huyapiga maji kwa miti hadi sato wakimbilie wavuni. Samaki wabichi husubiri boti ya barafu inayopita kila baada ya siku kadhaa. Wale wenye meno makali, pamoja na wale ambao Wamisri huwaita raya, hutiwa chumvi na kushindiliwa kwenye madebe kuwa maluha.

Sasa tuulize: samaki anayeondoka pale horini anakwenda kwa bei ya nani? Kwa miaka mingi bei ilipangwa na serikali, chini ya ile ya soko huru, na sheria ilitaka samaki wote wapitie bandari tatu: Aswan, Garf Hussein na Abu Simbel. Mvuvi alikuwa na deni la nyavu, unga na chumvi. Akitokea mchuuzi wa magendo mwenye pesa taslimu na bei nzuri zaidi, ungemshauri nini? Samaki huyo alivuliwa, akasafirishwa, akaliwa, lakini hakupanda mizani ya serikali hata mara moja. Katika daftari alihesabiwa kama samaki aliyekwisha.

Ushahidi ninaouamini zaidi uko kwenye kina cha maji. Ukame wa Ethiopia katika miaka ya 1980 ulilishusha ziwa vibaya hadi 1988, na mahori yakakauka. Samaki wakipungua hapo, mtu ataelewa. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 mafuriko yalirudi, ziwa likajaa hadi maji ya ziada yakamwagika kwenye bonde la Toshka na kuzaa maziwa mapya jangwani. Kingo zilizofurika upya, magugu mapya, ndiyo mahali sato anapopenda kutaga. Na ni miaka hiyohiyo daftari linaonyesha anguko! Mtu anaweza kusema maji yakitanuka samaki hutawanyika na kuwa wagumu kuvuliwa. Ni kweli, lakini hilo peke yake halibebi upungufu wa zaidi ya theluthi mbili. Desemba ya mwaka uleule wa 2000, mvuvi wa ndoano alitoa ziwani humo sangara wa kilo 104, aliyeandikwa kuwa rekodi ya dunia. Samaki mmoja hathibitishi wingi wa samaki, najua, ila ziwa lililokwisha halilei sangara wa namna hiyo. (Huko sangara ni mwenyeji, hakupandikizwa kama katika Ziwa Victoria.)

Wataalamu wanaodai udhibiti wana haki yao. Nyavu za matundu madogo zipo, sato wachanga wanavuliwa, na jamaa za ningu wamepungua kiasi kwamba samaki wabichi wanaopokelewa sasa karibu wote ni sato. Kufunga uvuvi kati ya Aprili na Mei, sato wanapotaga, ni busara, kama nchi zetu zilivyofunga Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu mwaka 2024. Tena kuna hoja inayonisumbua: magendo yakiwa makubwa, huenda ziwa linavuliwa kupita kiasi bila mtu kujua. Kwa hiyo siwezi kusema ziwa ni zima. Ninachokataa ni kumhukumu mvuvi kwa namba ambayo bei mbaya ndiyo iliyoipunguza.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliachia bei. Lingekuwa jambo la kushangilia, lakini sehemu za maji nazo zikaanza kugawiwa wawekezaji, na mvuvi wa dago akajikuta na sababu mpya ya kujificha. Doria zitaongezwa, nyavu zitachomwa, naye atahamia hori la mbali zaidi.

Mimi ningeanza na mizani iliyo palepale kwenye boti ya barafu, mbele ya macho ya mvuvi, na malipo siku hiyohiyo kwa bei ya soko. Misimu mitatu minne ya hesabu za namna hiyo ikipita, aje mtu aniambie sato wamekwisha, nami nitamsikiliza hadi mwisho.