Tupite juu ama chini?

Desemba 2024 nilirudi nyumbani baada ya miaka sita. Dereva aliyenichukua uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta akaniuliza swali ambalo safari ya mwisho halikuwepo: "Madam, tupite juu ama chini?" Juu ni Nairobi Expressway, ya kulipia. Chini ni Mombasa Road ile ile niliyokulia kando yake. Nilikuwa nimekaa ndani ya ndege karibu siku nzima, miguu imevimba. Nikasema juu, na muda si muda tukawa Westlands. Nilifurahi, siwezi kudanganya.

Siku ya tatu nikaenda mjini na mama kwa matatu kutoka Imara Daima. Tulipita chini. Tunasogea kidogo, tunasimama, kivuli cha ile barabara kimetufunika. Mvua ilipoanza makanga akaongeza nauli. Mama akainua macho, akazitazama zile nguzo, akasema, "Mwanangu, hiyo kwetu sisi ni paa tu."

Naishi Boston, mtaa wa Mattapan, tangu 2009. Kila nikipiga simu nyumbani kuna mtu ataniambia kwamba mambo ya barabara za madeni ni ya Kenya, kwamba huku Marekani barabara hujengwa, hulipwa, basi. Si kweli, na mji ninaoishi ni ushahidi mzito.

Boston nako kulikuwa na barabara ya juu ya nguzo, iliyofunguliwa 1959 na kupasua mji katikati. Maelfu ya watu walihamishwa ili ipite. Baadaye mji ukaichoka, ikaamuliwa izikwe chini ya ardhi. Mradi huo ndio Big Dig. Makadirio ya mwanzo, kwa bei za 1982, yalikuwa dola bilioni 2.8. Ujenzi ulianza 1991 na ulipofungwa mwishoni mwa 2007 gharama ilikuwa karibu bilioni 15. Sehemu ya tofauti hiyo ni kupanda kwa bei, lakini si yote. Ukiongeza riba, hesabu ya 2008 ilifika bilioni 22, na deni halitarajiwi kwisha hadi 2038. Leo pale juu pana bustani ndefu ambapo watoto huchezea maji wakati wa joto. Nawapeleka wangu pale na napapenda. Ila kila nikikaa kwenye nyasi zile nafikiria kwamba wenzetu wamelipa mabilioni kuondoa kitu ambacho kwetu kimesimamishwa kwa mabilioni.

Deni lenyewe lilikwenda kukaa wapi? Hapa ndipo ningependa watu wa Nairobi wasome polepole. Hadi mwaka 2000 jimbo la Massachusetts lilikuwa likiziba kila mwaka pengo la MBTA, shirika la treni na mabasi. Kuanzia Julai mwaka huo shirika likaambiwa lijitegemee kwa sehemu ya ushuru wa mauzo, nauli na michango ya miji. Likakabidhiwa pia deni la zaidi ya dola bilioni 3. Ndani yake mlikuwa na mikopo ya miradi ya treni na mabasi ambayo jimbo liliahidi ili Big Dig ipate vibali vyake. Ushuru wa mauzo haukukua kama ilivyotarajiwa, na kufikia 2009 deni lilikuwa limepita bilioni 5. Nauli ya treni za mjini iliyokuwa dola 1.25 mwaka 2006 ikawa 2.40 mwaka 2019. Reli moja iliyoahidiwa 1990, ile ya kwenda Somerville na Medford, ilifunguliwa 2022. Mtoto aliyezaliwa siku ya ahadi aliipanda akiwa na miaka 32.

Kwa hiyo barabara ni ya wenye magari, lakini sehemu ya bili ilimfikia mama wa Boston anayesafisha ofisi usiku, ambaye hajawahi kushika usukani. Hakuna aliyemtumia barua kumwambia. Aliona nauli tu.

Sasa sikieni jambo moja jema, kwa sababu lipo. Basi langu ni namba 28, kutoka Mattapan hadi Ruggles. Mwaka 2021 liliacha kutoza nauli, na Machi 2022 meya Michelle Wu akaongeza namba 23 na 29. Jiji lilitenga dola milioni 8 za msaada wa serikali kuu wakati wa korona, zikatosha kwa miaka miwili. Mimi nilikuwa nalipa dola 1.70 kwenda na 1.70 kurudi, siku tano kwa wiki, yaani karibu dola 70 kwa mwezi. Hizo zikawa zinamfikia mama kwa M-Pesa. Linganisheni milioni 8 na bilioni 15, mniambie ni pesa gani imegusa watu wa Mattapan.

Nyumbani tuliambiwa Expressway haimgharimu mwananchi kitu, kwamba kampuni ya Kichina imejenga kwa pesa zake na itarudisha kwa ada kwa miaka 27. Kilomita 27, kiasi cha shilingi bilioni 88. Bajeti nzima ya kaunti ya Nairobi kwa 2023/24 ilikuwa bilioni 42 hivi: hospitali, taka, mitaro, mishahara, kila kitu. Na kweli kaunti haikutoa zile 88. Lakini ardhi ni yetu na njia ni yetu. Shilingi ilipodhoofika mbele ya dola, Januari 2024 ada ya gari dogo kutoka Mlolongo hadi Westlands ilipanda kutoka shilingi 360 hadi 500. Msafiri ndiye aliyebeba mzigo wa kuanguka kwa shilingi.

Wengine walikwishalipa kabla haijafunguliwa. Mti mmoja mkubwa wa mugumo pale Waiyaki Way uliokolewa kwa amri ya rais mwaka 2020, na nilishangilia kama wengine. Mwaka uliofuata nyumba za Mukuru kwa Njenga zikabomolewa kupisha barabara ya kuunganisha na ile kubwa, maelfu ya watu wakalala nje. Hao hawakupata amri.

Na Nairobi kiasi cha safari nne katika kila kumi ni za miguu. Steji ya mama haina hata benchi, na mvua ikinyesha anavuka maji ya mtaro kwa gumboti. Jirani zetu wa Dar es Salaam wana mwendokasi tangu 2016, pamoja na shida zake zote. Sisi njia za mabasi yetu ya kasi zilipewa majina mazuri ya wanyama, Simba, Ndovu, Chui, Kifaru, Nyati, na mama bado anasubiri matatu.

Siombi Expressway ibomolewe. Naomba mkataba wowote unaofuata uwekwe hadharani kabla ya sahihi, hesabu ya dola ikiwa ndani, na pesa za mitaro, njia za miguu na mabasi zitengwe kwanza. Nimemwambia kaka aulize tarehe ya kikao cha ushiriki wa umma wa bajeti katika wadi yetu. Mama amesema ataenda mapema, na atawauliza kuhusu benchi.