Donda Ndugu la Mguuni Linataka Bandeji, Si Kapsuli

Fungua daftari la kliniki la mtu mwenye kidonda cha miaka upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo. Utasoma amoksisilini, halafu siprofloksasini, halafu metronidazoli, halafu amoksisilini tena. Sindano za siku tano. "Asafishwe kila siku." Kurasa na kurasa, kila moja na mwandiko wake, na hakuna aliyeandika neno bandeji. Hilo linaniuma kuliko wale wanaouza unga wa kuyeyusha mishipa kwenye makundi ya WhatsApp. Muuza unga anatafuta hela. Mwenye koti jeupe alifundishwa.

Chanzo cha kidonda hiki ni shinikizo. Damu inayorudi moyoni kutoka unyayoni husukumwa na misuli ya kigimbi, na vali ndani ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, huizuia isiteremke tena. Ukisimama tuli, shinikizo kwenye vena za kifundo hufika milimita 80 hadi 90 za zebaki. Ukitembea, na vali zako ni nzima, hushuka hadi karibu 30. Vali zikilegea, hata ukitembea kutwa shinikizo linabaki juu. Vena zinavimba na kujipinda, mguu unajaa kila jioni, ngozi ya kifundo inakuwa nyeusi na ngumu, inawasha, inakunwa, inafunguka. Walimu, wasusi, wapishi, walinzi, mama aliyezaa mara nyingi, mtu ambaye mzazi wake alikuwa na mishipa hiyohiyo: hao ndio wanaokuja.

Sasa mmiminie mtu huyo antibiotiki. Shinikizo liko palepale. Ukichukua majimaji ya kidonda kuyapeleka maabara, vijidudu vitaota, kwa sababu kila kidonda cha wazi kina vijidudu. Nakubali kwamba wekundu ukisambaa, joto likipanda na maumivu yakizidi ghafla, dawa ni lazima. Nje ya hapo hazisaidii kidonda kufunga. Tena kuna tabia ya kupasua kapsuli na kunyunyizia unga wake kidondoni. Unga ule hugandamana, huleta mzio kwenye ngozi iliyokwisha kudhoofika, na hufuga vijidudu sugu. Spiriti na hidrojeni peroksidi nazo huua nyama changa inayojaribu kuota. Maji safi ya bomba yenye uvuguvugu yanatosha.

Bandeji ya kubana ndiyo inayokabili shinikizo hilo, lakini kabla ya kuikaza, pima ateri, yaani mishipa inayoleta damu mguuni. Mgonjwa alale dakika 10, upime presha ya mkono, kisha ya kifundo kwa dopla ndogo ya mkononi, kifaa cha kusikilizia mtiririko wa damu, ugawe ya kifundo kwa ya mkono. Ukipata 0.8 hadi 1.3, kaza kwa nguvu kamili. Chini ya 0.8, mtaalamu wa mishipa aamue kiasi. Chini ya 0.5, usikaze, mpe rufaa haraka. Mwenye kisukari anaweza kukupa namba kubwa ya uongo kwa sababu ateri zake zimekakamaa, hivyo ikizidi 1.3 usiiamini. Ukiruka hatua hii unaweza kuua mguu, na nikiona hospitali ina mashine za mamilioni lakini haina dopla ya mkononi, nakosa uvumilivu.

Kufunga kwenyewe kuna namna. Osha mguu mzima, paka vaselini ngozi kavu, weka gozi isiyonata juu ya kidonda. Zungushia pamba laini kuanzia mwanzo wa vidole hadi chini ya goti, uongeze kwenye mfupa wa muundi na ujaze mashimo ya nyuma ya vifundo, maana bandeji hukandamiza zaidi penye mfupa. Unyayo ukae nyuzi 90. Anza bandeji kwenye mzizi wa vidole, mizunguko 2, funika kisigino, panda huku kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, uishie vidole 2 chini ya goti. Lengo ni shinikizo la kama milimita 40 za zebaki kifundoni, zikipungua kadiri unavyopanda.

Makosa ni yaleyale. Kuanzia kifundoni, unyayo ukavimba. Kukaza zaidi juu, damu ikakwama. Kutumia bandeji moja nyepesi ya krepu, ambayo hulegea ndani ya saa chache. Kumwambia mgonjwa apumzike bila kumwambia atembee, wakati bandeji inafanya kazi kigimbi kikifanya kazi. Vidole vikiwa vya bluu au ganzi, ifunguliwe papo hapo. Ndiyo, ina joto, hasa Mombasa na Dar es Salaam mwezi wa Februari. Lakini hubadilishwa mara moja au mbili kwa wiki tu, kwa hiyo usumbufu wa kila siku wa kwenda zahanati unaisha.

Bandeji hufunga kidonda, haitengenezi vali. Vena mbovu iliyo karibu na ngozi nayo izibwe, baada ya kupimwa kwa ultrasaundi mgonjwa akiwa amesimama. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba waliozibwa vena mapema pamoja na bandeji, nusu yao walipona kufikia siku ya 56. Waliocheleweshwa, siku ya 82. Mwingine wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba upasuaji wa vena ulishusha kurudi kwa vidonda ndani ya mwaka kutoka asilimia 28 hadi 12. Kuziba vena kwa leza au mawimbi ya redio ni ghali. Dawa ya povu, inayodungwa ndani ya vena ili kuiziba, inahitaji sirinji 2, koki ya njia 3, sehemu 1 ya dawa kwa 4 za hewa, na mtu anayejua ultrasaundi. Hospitali za rufaa zinaweza.

Mishipa ya ujauzito hupungua yenyewe miezi michache baada ya kujifungua, msikimbilie upasuaji. Mshipa ukipasuka na kumwaga damu, lala chini, inua mguu juu, bonyeza palepale. Kamba ya kufunga juu ya goti huongeza damu. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kigimbi kuuma, usichuliwe kwa mafuta: huenda ni damu iliyoganda ndani, na kipande kikipanda mapafuni kinaua. Nenda siku hiyohiyo. Na huku pwani si kila mguu mnene ni matende.

Kidonda kikifunga, soksi ya kubana ivaliwe asubuhi kabla ya kushuka kitandani, ibadilishwe kila miezi 6 hivi. Kikifungwa vizuri miezi 3 bila kupungua, au kingo zake zikinyanyuka na kuwa ngumu, kikatwe kipande kipelekwe maabara, kwa sababu saratani hujificha kwenye vidonda vya miaka.