Wanariadha wa Eldoret waliopunjwa sifa: medali ya Olimpiki kama mizani yenye kasoro

Agosti 15, 2024, Eldoret ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji, ikawa ya tano nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Siku kumi baadaye, nchini Poland, Mnorwe Jakob Ingebrigtsen alikimbia mita 3,000 kwa 7:17.55 na kuifuta rekodi ya dunia ambayo Mkenya Daniel Komen aliiweka mjini Rieti, Italia, Septemba 1, 1996. Rekodi hiyo ilikuwa imedumu miaka 28 kasoro siku saba. Nathubutu kusema kwamba wapenzi wengi wa riadha waliozaliwa baada yake walilisikia jina la Komen kwa uzito wake siku lilipokuwa likiondolewa kwenye orodha, na jambo hilo, kwa jiji linalojinadi kuwa makao ya mabingwa, linastahili kujadiliwa kwa makini kuliko kawaida yetu ya kutaja majina mawili matatu na kuridhika.

Majina hayo yanafahamika. Kipchoge Keino, ambaye uwanja wa michezo wa Eldoret unaitwa kwa jina lake, alitwaa dhahabu ya mita 1,500 mwaka 1968 na ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji mwaka 1972. Eliud Kipchoge, aliyejifua kwa miaka mingi Kaptagat, karibu na Eldoret, alishinda marathoni ya Olimpiki mara mbili na kukimbia umbali huo kwa 1:59:40 mjini Vienna mwaka 2019. Hakuna anayedai kwamba hawa wamepunjwa. Swali ni nani, miongoni mwa waliobaki, ana pengo kubwa zaidi kati ya alichokifanya na anachokumbukwa nacho.

Kabla ya kulijibu, mipaka ya mjadala inahitaji kuwekwa, maana wanariadha wachache sana wa kiwango hiki wamezaliwa ndani ya mji wenyewe. Eldoret ilianza kama kituo cha walowezi kwenye shamba nambari 64, na kwa muda mrefu watu waliuita mji huo kwa namba hiyo. Mabingwa walitoka vijiji vya Nandi, Elgeyo Marakwet na Uasin Gishu, kisha mji ukawa mahali pao pa kufanyia mazoezi, kuwekeza, kujenga na kuzeeka. Nitawahesabu wote hao kuwa wa Eldoret. Mpaka huu una gharama yake: unamwacha nje Ben Jipcho wa Mlima Elgon, aliyejitoa mhanga kwa kuiongoza kasi ya mita 1,500 mwaka 1968 ili Keino amshinde Mmarekani Jim Ryun, na unamwacha Pauline Konga wa Baringo, mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata medali ya Olimpiki, fedha ya mita 5,000 mwaka 1996. Ni hasara, lakini bila mpaka mjadala wa Eldoret hugeuka mjadala wa Kenya nzima.

Jina la kwanza kutajwa kila mjadala huu unapoanza ni la Henry Rono, na sababu zipo. Kati ya Aprili 8 na Juni 27, 1978, Rono alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000 kwa 13:08.4, mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa 8:05.4, mita 10,000 kwa 27:22.4 na mita 3,000 kwa 7:32.1. Hakuna mkimbiaji mwingine wa masafa ya kati na marefu aliyewahi kuzikusanya rekodi hizo nne katika msimu mmoja. Olimpiki hakushiriki hata mara moja, kwa sababu Kenya ilisusia michezo ya Montreal mwaka 1976 kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini, ikasusia tena ile ya Moscow mwaka 1980. Wanaosema kwamba rekodi ni jambo moja na ubingwa ni jambo jingine husahau kwamba mwaka huo huo wa 1978 alitwaa dhahabu mbili katika Michezo ya Afrika mjini Algiers na mbili nyingine katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton. Alishinda kila mlango aliofunguliwa.

Hata hivyo, nina shaka kama Rono ndiye jibu. Alipofariki Februari 2024, maisha yake yalisimuliwa upya: miaka mingi ya kuishi Marekani, ulevi uliomwandama, kurudi nyumbani uzeeni. Simulizi hiyo ya huzuni imemfanya akumbukwe, na kila inaposimuliwa rekodi nne hutajwa pamoja nayo. Mtu ambaye kila mchambuzi humtaja kuwa amesahaulika hajasahaulika sana. Anachokosa Rono ni heshima iliyotimia akiwa hai, na hilo ni deni la aina nyingine.

Komen ana kesi ngumu zaidi kuipinga kwa namba. Julai 1997, mjini Hechtel, Ubelgiji, alikimbia maili mbili kwa 7:58.61, akawa binadamu wa kwanza kukamilisha maili mbili mfululizo kila moja kwa wastani wa chini ya dakika nne. Mwezi uliofuata alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Athens, kisha akaichukua rekodi ya umbali huo mjini Brussels kwa 12:39.74. Rekodi yake ya mita 3,000 ya ndani ya ukumbi, 7:24.90 ya mwaka 1998, ilisimama hadi 2023. Hicham El Guerrouj wa Morocco na Haile Gebrselassie wa Ethiopia, wawili kati ya wakimbiaji wakubwa kuliko wote waliowahi kuishi, walijaribu mita 3,000 wakiwa katika ubora wao na hawakuifikia 7:20.67, muda wa Komen wa Rieti.

Wapinzani wa Komen wana hoja mbili, na zote zina mashiko. Ya kwanza ni kwamba maili mbili na mita 3,000 si mbio za Olimpiki. Ni mbio za mikutano ya kulipwa, zenye wadhibiti kasi waliokodiwa, yaani wakimbiaji wanaotangulia mbele ili kuweka mwendo, zinazopangwa jioni yenye hali ya hewa nzuri kwa ajili ya saa peke yake. Fainali ya ubingwa haina msaidizi. Mwanariadha huamua mwenyewe lini avumilie na lini achomoke, akiwa amebeba miguuni uchovu wa raundi za mchujo. Hoja ya pili ni ufupi wa kilele chake. Baada ya 1998 hakurudi tena katika ubora ule, na wapo wanaoona kwamba ukuu unahitaji kudumu.

Hoja ya wadhibiti kasi ningeikubali kwa urahisi zaidi kama njia ya kuifikia fainali ingekuwa sawa kwa wote. Kila nchi hupewa nafasi tatu tu kwa kila mbio za Olimpiki. Mwaka 1996 Komen alimaliza nje ya tatu bora katika mchujo wa Kenya wa mita 5,000, akabaki nyumbani, na dhahabu ya Atlanta ikaenda kwa Vénuste Niyongabo wa Burundi kwa 13:07.96. Katikati ya Agosti, mjini Zürich, Komen alimshinda Gebrselassie, bingwa mpya wa Olimpiki wa mita 10,000, kwa 12:45.09. Simwondolei Niyongabo haki yake. Alishinda mbio iliyokuwepo. Ninachosema ni kwamba kwa mkimbiaji wa nyanda hizi, mchujo wa siku moja nyumbani umekuwa mara nyingi mgumu kuliko fainali yenyewe, na mizani inayohesabu medali pekee hailioni pambano hilo hata kidogo.

Kwa kuzingatia hayo, jina ninaloliweka mbele ya yote mawili ni la Moses Kiptanui, mzaliwa wa Marakwet, ambaye ndiye aliyemlea Komen kimazoezi. Alikuwa bingwa wa dunia wa kuruka viunzi na maji mara tatu mfululizo: Tokyo 1991, Stuttgart 1993 na Göteborg 1995. Kwa hiyo anayedai ubingwa usio na wadhibiti kasi anaupata kwake mara tatu. Anayedai saa naye anaipata. Mwaka 1992 hakupata nafasi katika timu ya Olimpiki, na mjini Barcelona Wakenya Matthew Birir, Patrick Sang na William Mutwol wakazoa medali zote tatu za mbio yake. Siku chache baada ya michezo hiyo kufungwa, Agosti 16, Kiptanui aliivunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 mjini Cologne kwa 7:28.96, na siku tatu baadaye akaivunja ile ya kuruka viunzi na maji mjini Zürich kwa 8:02.08. Mtu aliyeonekana hafai kuwa miongoni mwa Wakenya watatu alikuwa, ndani ya mwezi huo huo, mwenye kasi kuliko wanadamu wote waliowahi kuikimbia mbio hiyo.

Kisha ikaja 1995. Juni alichukua rekodi ya mita 5,000 mjini Roma kwa 12:55.30. Agosti 16, siku chache tu baada ya kutwaa taji la tatu la dunia, alikimbia Zürich kwa 7:59.18 na kuwa wa kwanza katika historia kushuka chini ya dakika nane katika kuruka viunzi na maji. Ukuta wa aina hiyo ungemjengea mtu sanamu katika nchi nyingi. Lakini jioni hiyo hiyo, uwanja ule ule, Gebrselassie alikimbia mita 5,000 kwa 12:44.39, akaifuta rekodi ya Kiptanui ya wiki kumi zilizopita kwa karibu sekunde 11. Kiptanui alipata rekodi moja na kupoteza nyingine usiku mmoja, na pato likamezwa na hasara. Sijui mfano bora zaidi wa jinsi sifa inavyoweza kumponyoka mtu bila yeye kukosea lolote.

Upande wa pili haupaswi kupuuzwa. Atlanta 1996, Kiptanui alipopata hatimaye fainali ya Olimpiki akiwa na kila sababu ya kushinda, alipigwa na Joseph Keter, Mkenya mwenzake aliyejulikana kidogo. Athens 1997 alipata fedha tena. Pia kuna wanaosema, na si bila msingi, kwamba kuruka viunzi na maji miaka ile ilikuwa kama ligi ya ndani ya Kenya: dunia haikuwa na wapinzani wa kutosha, hivyo taji halikuwa na thamani ile ile ya mita 5,000 au 10,000 ambako Ethiopia na Morocco zilikuwa zikipigana nasi kufa na kupona.

Nadhani hoja hii inageuka dhidi ya wanaoitoa. Ikiwa mbio ilikuwa ligi ya Wakenya, basi Kiptanui aliwatawala Wakenya wale wale ambao wangeshinda wengine wote, akiwemo Sang, aliyepata fedha nyuma yake Tokyo na Stuttgart na ambaye leo dunia inamjua zaidi kama kocha wa Eliud Kipchoge. Na aliyeshikilia pia rekodi za dunia za mita 3,000 na 5,000 zisizo na viunzi hawezi kuambiwa kwamba alijificha kwenye mbio isiyo na ushindani. Kilichomponza ni kwamba Mkenya kushinda kuruka viunzi na maji lilikuwa jambo la kutarajiwa, na kinachotarajiwa hakishangiliwi. Rono ana simulizi ya huzuni inayombeba. Komen ana rekodi iliyokaa karibu miongo mitatu. Kiptanui hana kimojawapo. Rekodi yake ya 7:59.18 ilivunjwa na Wakenya wenzake miaka miwili baadaye, na maisha yake baada ya riadha yamekuwa tulivu mno kuwa habari.

Ningemtaja pia Moses Tanui, mtu wa kwanza kukimbia nusu marathoni chini ya saa moja, 59:47 mjini Milan mwaka 1993, na mshindi wa marathoni ya Boston mara mbili. Lakini Tanui ana Stuttgart, ambako Gebrselassie alimkanyaga kiatu kikachomoka naye akamaliza na fedha ya mita 10,000, na kisa hicho kimemhakikishia kukumbukwa.

Linalobaki, na ndilo linalonipa taabu, ni kwamba orodha nzima hadi hapa ni ya wanaume. Si kwa bahati mbaya: mijadala yetu huanza na wanaume na kuongeza wanawake mwishoni, kama ninavyofanya sasa. Sally Barsosio wa Keiyo alipata shaba ya mita 10,000 katika mashindano ya dunia ya 1993 akiwa na umri wa miaka 15. Mwaka 1997, Athens, alitwaa dhahabu ya umbali huo, ya kwanza kwa mwanamke wa Kenya katika mashindano ya dunia ya riadha, miaka 11 kabla ya Pamela Jelimo wa Nandi kushinda mita 800 za Beijing na kuwa Mkenya wa kwanza wa kike kupata dhahabu ya Olimpiki. Jelimo alipata shangwe iliyomstahili, na kitita cha dola milioni moja za Golden League, mfululizo wa mikutano ya riadha ya kulipwa, mwaka huo. Barsosio hutajwa mara chache hata katika habari za wanawake waliorithi njia aliyoifungua.

Anayempinga atasema taji moja na shaba moja haviwezi kulingana na mataji matatu na rekodi za umbali tofauti, na kwa wingi wa mafanikio ni kweli. Kwa hiyo iwapo tunapima ukubwa wa kazi iliyofanywa dhidi ya sifa iliyolipwa, namweka Kiptanui mbele, kwa tofauti ndogo. Iwapo tunapima kilichobadilika kwa sababu mtu fulani alitangulia, Barsosio anampita Kiptanui, Komen na Rono kwa pamoja, kwa kuwa wanaume hao watatu walirithi mila ya ushindi iliyokwisha kuanzishwa na Keino, ilhali yeye katika ubingwa wa dunia hakumkuta mwanamke wa Kenya aliyemtangulia.