Kasuku wa plastiki na dhumna juu ya kioo

Ijumaa iliyopita nilialikwa ufunguzi wa baa mpya ya michezo hapa Malindi, upande wa Casuarina, jina nalihifadhi manake mwenyewe twasalimiana na mkewe ni wa mtaani kwetu Lamu. Nilikwenda na nia safi wallahi. Nikaagiza ukwaju wangu, nikaanza kutafuta pa kukaa. Nusu saa baadaye nilikuwa bado nimesimama na gilasi mkononi kama mtu anayengoja matatu ya Mombasa.

Ngoja kwanza nimalizane na kasuku. Thimu ya pale ni maharamia, sijui nani aliwaambia, ukiingia tu wapokewa na kasuku wa plastiki, fuvu la plastiki, sanduku la hazina la plastiki, na ukutani wamemchora Vasco da Gama na kitambaa cheusi jichoni. Mtu alifika hapa 1498 akapokewa vizuri, akapewa hadi rubani wa kumvusha kwenda Bara Hindi, nguzo yake iko pale pale ufuoni watu wanapiga picha, leo mmemtoboa jicho bila kesi. Na kama ni kisa tu mlitaka, mji huu huu ulipeleka twiga mpaka kwa mfalme wa Uchina mwaka 1415. Twiga, baharini! Hiyo ndio baa ningelipa kiingilio.

Lakini kasuku ni wa kung'oa tu na bisibisi, asubuhi moja ameisha. Lililonikera ni kule ndani, walikokuita "chumba cha Lamu".

Wametengeneza zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo, za jipsam ukuta mzima, juu wakapachika boriti za kuigiza, taa za manjano, yani ukipiga picha inatoka safi kabisa. Halafu katikati wakatia meza ya pool. Sasa mimi ni fundi samani na nimezaliwa kwenye nyumba ya aina hiyo, ya kweli, kwa hiyo nawaambia kitu ambacho hata nyanya yangu angemwambia yule dizaina bure: vyumba vyetu vya zamani ni vyembamba kwa sababu ya boriti. Boriti ni mti wa mkoko, ukiutandaza zaidi ya mita tatu hivi utapinda na dari lote lile la mawe liko juu yake, ndio maana chumba kinakwenda urefu, hakiendi upana. Na wao wakaiga upana ule ule, hongera, wamefanya utafiti! Ila meza ya pool ya futi 7 yataka chumba cha kama futi 13 kwa 16, manake fimbo yenyewe ni futi 5 kasoro inchi mbili tatu, na anayepiga lazima airudishe nyuma. Huyu bwana alipima meza, hakupima fimbo.

Matokeo? Kijana ameinama, mpira mweusi uko mdomoni mwa shimo, anavuta mkono nyuma, kah! kitako cha fimbo ndani ya kidaka. Nilihesabu matundu mawili kwenye jipsam na ilikuwa usiku wa kwanza. Dawa yao ni kifimbo kifupi kimetundikwa pembeni, ukifika upande wa ukutani wabadilisha. Mtu mzima mwenye ndevu anacheza na kifimbo cha kufukuzia kuku.

Dhumna nayo wameiweka juu ya meza ya kioo. Sijui nicheke ama nilie. Dhumna bila kuigonga meza si dhumna, ni hesabu za darasa la tatu. Mzee mmoja pale alishusha dabo-sita yake kwa roho safi kama anavyofanya miaka yote, msichana wa huduma akaja mbio, "Ami, tafadhali usigonge, ni kioo." Ami akaiangalia ile meza, akamwangalia binti, akazikusanya kete zake taratibu akazirudisha kwenye boksi.

Na viti! Vile virefu vya kupanda kama mnazi, tena viwili viwili kwa kila meza. Hapa ndio nataka tuelewane kabisa, manake ndipo kazi yote ilipoharibikia. Mchezo una wachezaji wawili au wanne, sawa, lakini wenye mchezo ni wale waliozunguka. Nendeni barazani Lamu jioni baada ya alasiri mkaangalie bao linavyochezwa: wawili wameinamia mashimo 32 na kete 64, na nyuma yao kuna watu kumi hawajashika kete hata moja lakini ndio wanaojua zaidi, huyu anaguna, yule anasema hiyo ungeipeleka kushoto, mwingine amebeba samaki wa nyumbani kwenye mfuko na hana haraka, mke atangoja. Daka la nyumba, yani kile kibaraza cha mlangoni, lina mabenchi ya mawe pande mbili, ukikaa huku wamwona mwenzako kule na katikati mchezo, hakuna aliyesoma chuo kuchora kitu kile na kinafanya kazi mpaka leo. Mabenchi. Kuzunguka ukuta. Simiti na mito basi, bei rahisi kuliko hivyo viti vya chuma ambavyo kwa chumvi ya hapa navipa miezi sita vianze kulia kutu. Anayetazama ndiye anayeagiza, jamani, mchezaji mikono yake imejaa!

Ndio najua mtasema nina wivu kazi sikupewa mimi. Kidogo ninao. Na nikubali, vyoo vilikuwa safi, na taa ya juu ya pool imekaa mahali pake, haitupi kivuli. Makuti pia siwalaumu kutoyatumia, sote tumeona moto wa makuti unavyokwenda. Lakini sakafu ya vigae, kuta tupu, muziki juu, hata kutaniana hamsikizani, na mchezo bila utani wa nini?

Saa tano hivi nikatoka nje. Kumbe ndani kumebaki watu kama sita. Wengine wote wako pale getini, askari wa usiku na vijana wa boda wamepindua kreti ya soda, juu ubao, wanaangusha dhumna pa! pa! na watu wameizunguka tabaka tatu, wengine wameketi juu ya pikipiki, yule ami wa dabo-sita yuko katikati anatisha watu. Mwenye baa akatoka kuangalia wateja wameenda wapi. Nikajua sasa atafoka. Akasimama nyuma ya askari, mikono kiunoni, akatazama kete zake dakika nzima, kisha akainama akamwambia, "We, hiyo tano usiitoe, mshikie."