Mama Mkwe Kanikuta Nimefungwa Mchele

Goti lilikatika kwenye bonanza la maveterani, na msiniulize nani alinigonga, maana hakunigonga mtu. Niliukita mguu ili nigeuke. Mwili ukageuka, goti likabaki linaangalia goli. Likalia "ta!" hata kipa wa upande wa pili akasikia. Ligamenti ya mbele, ile kamba inayoshikilia mifupa ya goti, ileile iliyomtoa beki Virgil van Dijk uwanjani Oktoba 2020, Liverpool ikicheza na Everton, akakosa msimu wote uliobaki. Hilo nililisema sana wodini. Hakuna aliyeona tunavyofanana.

Daktari alichukua kano kutoka misuli ya nyuma ya paja, akanitengenezea ligamenti mpya. Kazi safi. Shida ikahamia paja la mbele. Goti likivimba, ubongo unauzima ule msuli, na paja linasinyaa haraka. Dada wa fiziotherapia alilizungushia futi ya fundi cherehani, akapima na la pili, akaguna tu. Akaviringisha taulo, akaliweka chini ya goti: kaza paja, likandamize taulo, hesabu mpaka tano, achia. Basi, ndio zoezi lenyewe. Nikakaza taya, nikakaza shingo, nikakaza na tumbo; paja limelala doro, kama si langu.

"Kaka, nimesema paja. Meno yaache."

Msuli ulipoamka nikapandishwa cheo. Unalala chali, mguu mzima umeukunja, ule wa operesheni umenyooka kabisa. Unaunyanyua mpaka usawa wa goti la mwenzake, unaushusha taratibu. Mara kumi, raundi tatu. Ukiweza bila goti kulegea, unaongeza uzito kidogo kifundoni. Dukani vile vifuko vya mchanga vinauzwa bei ya kuvalisha timu jezi, na jikoni kwangu kulikuwa na kilo moja ya mchele, Mangi kaupima kwenye mfuko wa kaki. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019, mtaani kwetu kaki inabeba kila kitu. Nikaufunga kifundoni kwa kipande cha kanga, nikatandika mkeka uani. Bukta, kifua wazi.

Kaki na jasho havipatani. Raundi ya pili nikasikia kitu kinanitiririka ugokoni. Kuku wa mama mwenye nyumba walishajua kabla yangu. Wa kwanza akadonoa mkeka, wa pili kidole gumba. Nikishusha mguu, wanasogea. Nikiunyanyua, mchele unamwagika zaidi, wanashangilia. Kupiga teke siwezi, goti jipya halitaki mambo ya ghafla. Kuinuka bila magongo ni shughuli ya nusu saa, na magongo yameegemea mlangoni huko, yananitazama. Jogoo yeye akaona kudonoa chini ni kujishusha. Akanirukia pajani, lilelile lililosinyaa, akapanda kuufuata mchele kwenye chanzo.

"Hodi!"

Mama mkwe tulimtarajia saa sita, aje kula pilau. Kaja saa nne.

"Shikamoo mama," nikasema nikiwa palepale chini, mguu hewani, bukta imepanda.

Hakuitikia. Aliangalia mchele, akaangalia kuku, akauweka mkoba chini polepole.

"Baba, mmekwenda kwa mganga bila kuniambia?"

"Hapana mama, ni mazoezi ya hospitali."

"Hospitali gani inafunga watu mchele?" Akamnyooshea jogoo kidole. "Na huyu ndiye wa kuchinjwa, au mnamwachia aondoke na ugonjwa?"

Mama mwenye nyumba kasikia "kuchinjwa", huyo katoka chumbani mbio, ikawa kesi. Katikati ya kesi mke wangu akatokea na mwiko, vitunguu vyake vimeshaiva, anauliza mchele wa pilau uko wapi. Mwingine ulikuwa kwenye mkeka. Mwingine ulikuwa unawika.

Tulikula ugali. Mama alikula kimya, macho gotini kwangu, halafu akataka nimweleze zoezi hatua kwa hatua. Nikamweleza. Akaridhika, akavuta kigoda, akasema haondoki mpaka raundi ziishe, na atakayehesabu ni yeye.

"Moja... mbili... tatu... Ngoja kwanza baba, usishushe." Simu yake inaita. "Haloo? Eeh, nipo kwa mkwe. Afadhali kidogo. Una salio? Basi kaa kitako nikusimulie ya kuku."