Mtoto Mwenye Tundu la Moyo: Akimbie au Akalishwe?

Mzazi akishaambiwa kwamba mtoto wake amezaliwa na kasoro ya moyo lakini ataishi, hubaki na swali linalodumu kuliko dawa na kliniki zote: tumwache acheze na wenzake, au tumkalishe?

Hata ndani ya nyumba moja majibu hayafanani. Baba anasema mtoto ni mtoto, aachwe akimbie. Mama anasema atakimbia akishapona. Bibi anashangaa kwamba jambo hilo lina mjadala.

Nianze na wanaozuia, maana ndio wanaolaumiwa haraka kwamba wanadekeza. Hofu yao haikuzuka hivi hivi. Mama aliyenyonyesha mtoto mwenye tundu kubwa la moyo, yaani kwenye ukuta unaotenganisha vyumba vya moyo, amemwona kichanga akivuta titi mara chache, akaliachia, akahema kwa kasi huku jasho likimtoka kwenye paji la uso. Analala kwa uchovu kabla hajashiba, na muda si mrefu anaamka akililia njaa. Kliniki baada ya kliniki, mizani haipandi. Aliyepitia miezi ya namna hiyo hawezi kuisahau eti kwa sababu daktari amesema sasa mambo ni mazuri.

Tiba nayo iko upande wao kwa kiasi fulani. Zipo hali ambazo mazoezi makali ni hatari kweli, kwa mfano valvu ya mshipa mkuu wa damu ikiwa imebana sana, au mapigo ya moyo yakiwa yanavurugika wakati wa mazoezi. Mtoto anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hafai kwenye michezo ya kugongana, kwa kuwa akiumia kichwa anaweza kuvuja damu kwa ndani. Na aliyefunguliwa kifua anahitaji wiki kama 6 hadi 8 ili mfupa wa kidari uunge. Kipindi hicho hata kumnyanyua kwa kumshika makwapani ni kosa. Anabebwa mkono mmoja ukiwa mgongoni na mwingine chini ya makalio.

Bibi naye tusimcheke. Mwaka 1938, huko Boston, daktari wa upasuaji Robert Gross alifunga kwa mafanikio mshipa wa mtoto uliotakiwa kujifunga wenyewe baada ya kuzaliwa. Mwaka 1944, Baltimore, daktari wa watoto Helen Taussig, daktari wa upasuaji Alfred Blalock na msaidizi wake wa maabara Vivien Thomas wakaja na upasuaji wa kuongeza damu kwenye mapafu ya watoto waliokuwa wakigeuka bluu. Kabla ya hapo daktari hakuwa na mengi ya kumpa mtoto wa namna hiyo zaidi ya kumwambia apumzike. Tiba ilibadilika, ila wosia wa kupumzika ukaendelea kurithishwa.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2013 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko la kuwahimiza madaktari wazungumzie mazoezi ya mwili kila wanapomwona mtu mwenye kasoro ya moyo ya kuzaliwa, na si kuzungumzia makatazo peke yake. Sababu ni rahisi kuelewa. Pale tiba inapopatikana, zaidi ya 9 kati ya kila watoto 10 wa namna hii hufika utu uzima. Aliyekalishwa utoto mzima anafika huko na misuli dhaifu, pengine na unene na shinikizo la damu, juu ya moyo uliokwisha kushonwa. Tena pumzi fupi ambayo mzazi anaitafsiri kuwa ni ugonjwa, mara nyingi ni ya mwili usiozoea kukimbia, na kadiri anavyozuiwa ndivyo inavyozidi kuwa fupi.

Wapo hata watoto ambao misuli ya miguu ni sehemu ya tiba. Mtoto aliyezaliwa na chumba kimoja tu cha moyo chenye nguvu ya kusukuma, akafanyiwa upasuaji unaoitwa Fontan, damu yake hurudi kwenye mapafu bila pampu ya kuisukuma. Anapotembea, misuli ya miguu huibana mishipa na kuipandisha damu juu. Kumkalisha mtoto huyo ni kumnyima msaada alio nao.

Hoja inayonivutia zaidi upande huu ni kwamba watoto wengi hujipimia wenyewe. Tazama mwenye Tetralojia ya Fallot, kasoro inayopunguza damu inayofika kwenye mapafu, ambaye hajafanyiwa upasuaji. Yuko katikati ya mchezo, midomo inaanza kugeuka bluu, anaacha mpira anachuchumaa. Hakufundishwa na mtu. Kuchuchumaa kunaibana mishipa ya miguuni, na damu nyingi zaidi inalazimika kupita kwenye mapafu kuchukua oksijeni. Akipata nafuu anainuka, anaendelea. (Kwa huyu, kuchuchumaa kwenyewe ni taarifa ya kumpelekea daktari, si jambo la kuzoea.)

Hoja hii ina mpaka, na wanaoipenda huwa hawautaji. Mtoto hujipimia akiwa anacheza kwa hiari. Mbele ya kocha anayepiga filimbi na wenzake wanaomzomea, atajilazimisha. Na yapo mapigo ya moyo yanayovurugika bila kutoa dalili yoyote mapema. Ndiyo maana kwangu mimi kucheza na kushindana ni mambo mawili: la kwanza liruhusiwe mpaka daktari aseme hapana, la pili lisubiri mpaka daktari aseme ndiyo.

Kanuni moja ya nyumba zote haiwezekani. Mtoto mmoja kati ya takriban 100 huzaliwa na kasoro ya moyo, na ndani ya idadi hiyo yumo mwenye tundu dogo ambalo huenda likajiziba lenyewe, na yumo anayehitaji upasuaji siku za mwanzo kabisa. Jirani akisikia "moyo" anawaza kitu kimoja kwa wote wawili, na ushauri wake unakuwa mmoja.

Lakini ninachokiona ni kwamba ugomvi huu wa kukimbia umemeza hofu yote, na mahali panapostahili kuogopwa pameachwa wazi. Chukua meno. Bakteria wa fizi mbovu wakiingia kwenye damu wanaweza kushambulia moyo wenye kasoro. Mwaka 2007 mwongozo wa Marekani ulipunguza idadi ya wanaopewa antibayotiki kabla ya kutibiwa meno, ukabakiza walio kwenye hatari kubwa zaidi, na kusisitiza usafi wa kinywa wa kila siku. Halafu mtoto yule yule aliyekatazwa mpira anafarijiwa kwa nini? Kwa pipi.

Au chukua kuchelewa. Mtoto mwenye tundu kubwa anaweza kuacha kutoka jasho, akaanza kunenepa, na familia ikashukuru Mungu. Pengine tundu limepungua kweli. Lakini pengine mishipa ya mapafu imeanza kukakamaa kwa kupigwa na damu nyingi kupita kiasi, na ndiyo maana damu inayoingia huko imepungua. Ikifika mbali, shinikizo la mapafu halirudi nyuma tena, na kuliziba tundu kunakuwa hatari kuliko kuliacha. Nafuu ya namna hiyo hupambanuliwa kwa eko, yaani kipimo cha moyo kinachotumia mawimbi ya sauti, si kwa macho. Ningependa mzazi aogope kukosa kliniki moja kuliko anavyoogopa mbio za dakika kumi.

Nyuma ya kukalisha kuna pia jambo lisilosemwa sana: lawama. "Ulikula nini ukiwa mjamzito?" Visababishi vinavyojulikana vipo, kama rubela mwanzoni mwa ujauzito, kisukari kisichodhibitiwa, baadhi ya dawa za kifafa, na hitilafu za kromosomu. Hata hivyo kwa watoto walio wengi hakuna sababu moja inayopatikana. Mama aliyetwishwa kosa asilolifanya humlinda mtoto kama anayelipa deni, na hapo hakuna kipimo cha eko kitakachomtuliza.

Kwa mwalimu, cheti cha "asishiriki michezo" hakimsaidii mtu. Kinamfanya mtoto awe mshika mashati ya wenzake uwanjani mpaka amalize shule. Mzazi amwombe daktari aandike mistari michache: michezo ipi anaruhusiwa, ipi hapana, apumzike akionyesha dalili gani, na apigiwe nani simu akizimia au akishikwa na maumivu ya kifua. Na barua hiyo ibadilishwe kila hali ikibadilika, kwa sababu iliyoandikwa akiwa na miaka 6 haitamsaidia akiwa na miaka 13 na anataka kuingia timu ya shule.