Hata senesio zetu zina swali hilo

Ndugu mwandishi, asante kwa makala yako kuhusu miti ya Fagus (beech kwa Kiingereza). Umeeleza kuwa wataalamu bado wanavutana kama Fagus sylvatica ya Ulaya na Fagus orientalis ya Uturuki na Kaukasi ni spishi mbili au moja, maana zikikutana huzaliana. Sisi wa Moshi tusilione hilo ni jambo la mbali.

Ukifika Barranco, kwenye Mlima Kilimanjaro, utakuta senesio, mimea mikubwa ya milimani, zimempita mtu kwa urefu, shina limefunikwa majani makavu yanayoning'inia, na hayo ndiyo blanketi lake. Baridi ya usiku ikiingia, majani ya juu hujikunja kulinda chipukizi. Hiyo ni Dendrosenecio kilimanjari. Mlima Meru nao una yake, Dendrosenecio meruensis. Mwaka 1995 wanasayansi Knox na Palmer walichunguza DNA ya kloroplasti, sehemu ya seli inayotengeneza chakula cha mmea, wakaona jamii hii ilianzia Kilimanjaro, kama miaka milioni 1 iliyopita, kisha ikasambaa kwenye milima mingine. Kwa hiyo senesio za milima miwili zikifanana sura, si lazima ziwe ndugu wa karibu. Mwinuko wa mahali na baridi navyo huumba sura ya mmea.

Ila kloroplasti kwa kawaida hurithiwa upande wa mama tu. Spishi zinapochanganyika, DNA ya kiini cha seli lazima ipimwe pia, na hapo makala yako imepita haraka mno.

Naomba waongoza watalii wafundishwe haya. Wengi humwambia mgeni "senesio" wakapita, wakati Kilimanjaro hiyohiyo ina Dendrosenecio johnstonii chini na kilimanjari juu.